Mwanamke Aliyemsemea Kamongo

Agneta Nekoye hakuletwa Kisumu na sinema. Aliletwa na mume, kibarua wa reli, na mume huyo alipofariki mwaka wa sitini na mbili akamwachia msichana mmoja wa miaka minne, Metrine, na kitanda cha chuma. Watu wa kwao Kimilili wakaja na maneno yao: rudi nyumbani, kuna ndugu ya marehemu, utarithiwa. Nekoye akawaambia sitaki. Basi, neno moja tu, sitaki, na kama unawajua wazee wa kule utaelewa kwa nini alikaa miaka sita bila kukanyaga kwao. Akabaki mjini akiwafulia watu wa reli nguo zenye grisi, na kufua alikujua, wacha mchezo. Ndivyo kampuni ya sabuni ilivyompata.

Kampuni hiyo ilikuwa na gari la sinema. Vijana wa siku hizi wakisikia sinema wanafikiri jumba na viti. Viti vya wapi! Lilikuwa lori dogo la buluu, spika mbili juu, jenereta nyuma, projekta, na kitambaa cheupe kinachofungwa kwenye milingoti miwili. Lilizunguka ufuo wote, Ahero, Kendu Bay, Asembo, Bondo, mpaka Usenge ambako barabara yenyewe ilichoka. Jua likizama watu walikuwa wameshakaa chini wanangoja. Kazi ya Nekoye ilikuwa kusimama mbele yao na beseni, kuomba shati chafu la mtu yeyote, na kulifua hapo hapo mpaka watu waseme ero, tazama! Kisha anagawa vipande vya sabuni, kisha picha zinaanza.

Picha zenyewe zilikuwa katuni, za kuchorwa kwa mkono na mtu fulani Nairobi ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mkubwa wao aliitwa Kamongo. Kamongo unamjua: samaki yule mrefu wa matopeni, anayepumua hewa kama wewe na mimi, kinamasi kikikauka anajizika kwenye udongo miezi na miezi, na mvua ikirudi anatoka mzima, hata haya hana. Huyu wa kwenye picha alisimama kwa mkia, alivaa tai na kofia, aliringa, na aliogopa kuoga. Filamu zilikuwa nne tu. Watu wa ufuo waliziona zile zile nne kwa miaka tisa, na hawakuchoka hata siku moja, kwa sababu ya mtu mmoja wa lori hilo, Wabwire.

Mikanda ilikuja na sauti ya Mzungu ndani yake. Wabwire aliifunga sauti ya Mzungu siku ya kwanza, akakaa ndani ya lori na maiki, akamsemea Kamongo mwenyewe. Jana Kamongo aligombana na mkwe, leo anamtania chifu, kesho anakopa nyavu Usenge na kukana. Alisema Kiswahili chetu cha hapa hapa, kilichochanganywa na Dholuo, akianza kila mara na "Oimore uru!", yaani habari za jioni, na ufuo mzima unamjibu. Na katika kila filamu palikuwa na mahali Kamongo anageuka, anawaangalia watu, anaweka pezi kwenye sikio na kungoja. Mchoraji aliweka pale pengo la sekunde kumi, kumi na mbili hivi. Hapo Wabwire alizungumza na umati. Wanamuuliza, anajibu. Anawataja kwa majina. Kuna watu walitembea kutoka mbali wapate tu kutukanwa na samaki.

Wabwire mwenyewe alikuwa mtu mwembamba wa Bunyala, ng'ambo ya kinamasi cha Yala, mwenye kifua kibovu tangu utoto. Pumzi yake ilipiga mluzi. Hakuuficha, alimpa Kamongo. "Hhhh… jamani nchi kavu hii itaniua," anasema Kamongo, na watu wanavunjika mbavu, wakidhani ni ufundi. Nekoye na dereva Gichuki tu ndio waliojua kwamba mtu hasemi vile kwa kupenda. Gichuki alikuwa Mkikuyu wa Nyeri, mlokole, mtu wa kuomba kabla ya kuwasha injini, na alimwombea Wabwire kila safari. Machi ya sabini na tatu Wabwire hakupanda lori. Alipelekwa kwao Bunyala akiwa anaumwa, na habari za kifo zilipowafikia Nekoye na Gichuki walikuwa Nyakach, matope mpaka kwenye milango, na maiti ilikuwa na siku nne kaburini.

Hawakumzika. Hilo liliwauma wote wawili, na Nekoye zaidi. Miaka tisa ya kula pamoja kwenye sufuria moja, halafu mtu anazikwa wewe uko kwenye matope unasukuma lori. Hakulia. Alisema atalia akifika kaburini, na kaburini hakufika.

Ofisini Kisumu, meneja wao Bwana Kinyua hakuwa na muda wa matanga. Alimwajiri Tom. Kijana msafi, amesoma, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Wakaenda naye Ahero, mashamba ya mpunga yamejaa maji, watu wamekaa juu ya tuta kwa sababu chini kumelowa. Kitambaa kikawaka, Kamongo akatokea na kofia yake, watu wakashangilia. Tom akashika maiki. "Hamjambo mabibi na mabwana," akasema Kamongo. "Ni furaha yangu isiyo na kifani kujumuika nanyi."

Halafu mama mmoja akapiga kelele: "Mano ok en! Huyu si yeye!"

"Kamongo amekuwa askofu?" akauliza mwingine.

"Kamongo yetu mlipeleka wapi?"

Watoto wakaanza kulia, kulia kweli. Bonge la kwanza la tope likampata Kamongo kwenye tai. La pili likalipata lori. Tom akaweka maiki chini, akasema hakusomea kusemea samaki mbele ya washenzi, akashuka, na usiku ule ule akapata gari la kumrudisha mjini. Picha zikaendelea bila mtu kusema. Kamongo anafungua mdomo, anafunga, anafungua, na umati ukatulia kidogo kidogo, maana hilo lilikuwa baya kuliko askofu. Mzee mmoja akasogea mpaka kwenye mlango wa lori, akavua kofia, akauliza kwa upole, "Kamongo alikufa?"

Gichuki akaangalia usukani. Nekoye, mikono bado ina povu, akaona mzee yule anangoja. Akachukua maiki. Alitaka kusema samahani, tutarudi wiki ijayo. Kilichotoka ni "Hhhh… nife niwaachie omena zote?"

Ilikuwa sauti ya Wabwire. Na mluzi wake, na ile tabia yake ya kuburuta neno la mwisho. Umati ulilipuka. Watu walicheka huku wakijipangusa machozi, na wengine, wanawake hasa, waliwavuta watoto karibu na kuwaziba masikio. Nekoye alizisemea filamu zote nne mpaka mwisho. Alipomaliza alimkuta Gichuki ameshuka, amesimama mbali gizani na kofia mkononi.

"Nekoye," akasema, "usifanye hivyo tena. Ama ukifanya, niambie kwanza nitoke ndani ya gari."

Lakini alifanya tena, kwa sababu Bwana Kinyua alipopata habari alifurahi mno, akamwongeza mshahara bila kuombwa, na Metrine alikuwa ndiyo kwanza ameingia sekondari. Mjane akipewa maiki anashika. Mwanzoni hata yeye alifurahi. Kule kwenye lori alimpata Wabwire tena, akiwa na utani wake wote, na kile kilio alichokiweka akiba kikaonekana hakina haja.

Ni baadaye ndipo sauti ilianza kuja bila kuitwa. Yeye na Metrine walihamia Migosi, mtaa wa hapo Kisumu, chumba kimoja cha kupanga, na asubuhi moja alimwita Metrine kutoka uani na msichana akaangusha jagi. "Mama, ongea vizuri," akamwambia. Kanisani wimbo ulimgeukia katikati, ukashuka chini, na mwenzake wa benchi akahama. Kifua kikaanza kumpiga mluzi. Daktari akamweka kipimo mgongoni, akasikiliza, akasema mama, kifua chako ni safi. Na kule Asembo, kwenye pengo, alimwona mzee mmoja akisimama, akamwita "Shemeji wa Punda." Mzee aliangua kicheko, kisha kicheko kikamkatika. Alikuja baadaye kuuliza ni nani aliyemwambia jina hilo, kwa kuwa Wabwire alimpa wakiwa wawili tu, kwenye mtumbwi. Nekoye hakujua. Aliapa kwamba hakujua, na alisema kweli. Tangu siku hiyo alianza kulala na taa.

Sasa tufike Usenge, maana ndiko mambo yalikoharibikia.

Mama yake Wabwire aliitwa Nabalayo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani, na kila wiki mbili alivuka kwa boti kutoka Bunyala kwenda Usenge kununua. Hata siku mwanawe alipokufa alikuwa Usenge, anapima omena kwenye debe. Alirudi jioni na gunia kichwani akakuta watu wamekaa uani. Kwa hiyo naye alimzika bila kusema naye neno la mwisho.

Lori lilipofika Usenge mwezi wa sita, Nabalayo alikuwapo na gunia lake. Alisikia "Oimore uru!" akiwa nyuma kabisa. Watu wanasema alipita katikati ya umati kama hawapo, akakanyaga vidole vya watu, akafika mbele akasimama chini ya spika. Nekoye alimwona kupitia kidirisha cha lori. Hakumjua. Kamongo akageuka, akaweka pezi sikioni.

"Wabwire," mama akaita kwa lugha ya kwao, "umekula?"

Watu wakanyamaza. Sekunde kumi na mbili ni chache sana, jamani, ukiwa unafikiri, na ni nyingi mno ukiwa umenyamaza. Nekoye aliielewa lugha. Kibukusu chake na Kinyala cha Bunyala havipishani sana. Alielewa pia huyo ni nani. Mdomo ukajibu kabla yake. "Nimekula, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa, akakaa mchangani, akatazama mpaka mwisho.

Akaja tena mara iliyofuata, na iliyofuata. Alijua ratiba ya lori kuliko Bwana Kinyua. Kila pengo lilikuwa lake; watu wa Usenge walimwachia, wakakaa kimya kama wako kanisani. Alileta habari za nyumbani. Ng'ombe mweupe amezaa. Mdogo wako Waliaula anataka kulima kile kipande chako, nimemkatalia, nimefanya vibaya? Na Kamongo akajibu, "Umefanya vizuri, mama." Ndiyo, Nekoye alijibu hivyo. Alijua si haki. Kila safari aliapa kwamba leo ataachana nayo, na kila safari alimwona yule mama ameinua uso kuelekea spika, akajibu tena. Utamwambia nini mtu kama huyo?

Kisha siku moja mwezi wa kumi na moja mama akauliza, "Unarudi lini?"

Katika filamu ya tatu Kamongo hujizika kwenye tope, na mkewe humuuliza swali hilo hilo, na miaka yote jibu lilikuwa moja. Nekoye alilisema kwa mazoea, kama mtu anavyojibu amina. "Mvua ikirudi."

Umati ukacheka, maana ni mahali pa kucheka. Mama Nabalayo hakucheka. Aliinuka, akajitwisha gunia lake, akaondoka kwa haraka kama mtu mwenye kazi nyingi nyumbani.

Mwezi wa pili, sabini na nne, mtu alibisha hodi Migosi. Nekoye alikuwa ameinama kwenye jiko. "Karibu," akasema. Mlango haukufunguka. Akasema tena karibu, akaenda kufungua mwenyewe, na akamkuta mwanamume amesimama nje ameshika ukuta kwa mkono, uso umemtoka jasho. Alikuwa Waliaula. Alikuwa amekaribishwa na ndugu yake aliyemzika kwa mikono yake.

Ilimchukua muda kuingia. Alipoingia hakukaa karibu naye. "Kwa hiyo ni wewe," akasema. "Tulidhani kampuni ina mashine."

"Ni mimi."

"Dada yangu, sikuja kugombana. Mke wangu Jentrix amejifungua kijana. Ana miezi minne. Tangu azaliwe analia."

Nekoye hakuhitaji kuelezwa zaidi, lakini Waliaula alieleza, kwa kuwa mtu mwenye uchungu huhitaji kusema. Padri alishambatiza mtoto, jina la kanisa analo. Dispensari walisema hana ugonjwa. Kwao, kama ilivyo kwa Nekoye pia, mtoto anayelia hivyo anadai jina. Wazee wanakaa naye, wanaita majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Waliita babu. Waliita wajomba. Waliita mpaka watu ambao hakuna aliyekumbuka sura zao. Mtoto akazidi. Lilibaki jina moja, kila mtu mle ndani alilijua, na mwita majina ni bibi yake.

"Mama anakataa," Waliaula akasema. "Anasema haitwi mtu aliye hai. Anasema Wabwire yuko Usenge, anakula, anaongea naye, atarudi mvua ikija. Hajanyoa nywele za matanga mpaka leo. Wiki jana ametoa godoro lake akalianika. Mtoto hanyonyi tena vizuri, dada. Amebaki macho." Akajifuta uso. "Mwambie mama kwamba amekufa. Mwambie kwa sauti hiyo hiyo. Yako hataiamini, lakini ya Wabwire ataisikiliza."

Alipoondoka Nekoye alikaa na maneno hayo siku tatu. Aliyageuza huku na huku. Mtu akikuambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba amekufa, utasikia nini? Utasikia anaongea. Mama angerudi nyumbani akawaambia, nimezungumza naye leo, ana huzuni. Hapana. Sauti ile haingeweza kujizika yenyewe. Na kuna hofu nyingine, ambayo alimwambia Gichuki peke yake: kwamba akiiachia sauti iseme "nimekufa," hajui kama yeye mwenyewe atabaki.

Akaenda kwa Bwana Kinyua akamwambia kuanzia sasa atamsemea Kamongo kwa sauti yake. Kinyua alicheka kwanza. Halafu hakucheka. "Mama Metrine, wewe uliona Ahero. Ukibadilisha sauti, huyo samaki hatuna kazi naye tena, na gari nitaliuza, na wewe utarudi kwenye beseni. Fikiria mtoto wako."

"Namfikiria," Nekoye akasema. Hakusema ni mtoto gani.

Walifika Usenge Machi, mvua ya kwanza imenyesha jana yake, mchanga umeshikana. Mama Nabalayo alikuwa mbele kabisa, amevaa gauni safi, na kando yake ameweka viatu vya kiume vilivyopigwa rangi. Nekoye aliviona viatu hivyo akataka kumwambia Gichuki ageuze lori. Gichuki akawasha jenereta, akamshika bega, na safari hii hakushuka.

"Oimore uru," akasema Kamongo kwa sauti ya mwanamke.

Lo! Kelele iliyopigwa! Miluzi, mizomeo, watoto wakaangua kilio, ndala ikapita juu ya kitambaa. "Mmemuua tena!" mtu akapiga kelele, na neno hilo lilimwingia Nekoye mpaka kwenye mifupa. Nusu ya watu waliinuka kwenda. Yeye akaendelea, neno kwa neno, utani usiochekesha hata mtu mmoja, hadi Kamongo akageuka na kuweka pezi sikioni.

"Wabwire," mama akaita. Hakuonekana kuwa amesikia lolote kati ya hayo. "Mvua imerudi. Nimekuja na viatu."

"Mama," Nekoye akasema, na spika zikalipeleka neno hilo mpaka kwenye maji. "Mimi ni Agneta Nekoye. Mimi ndiye mfuaji wa lori hili. Wabwire alikufa mwaka jana mwezi wa tatu, nawe ulimzika. Aliyekuwa akikujibu ni mimi. Nilikudanganya, mama. Nisamehe."

Pengo lilikuwa limekwisha zamani. Kamongo aliendelea kufungua na kufunga mdomo, na hakuna aliyemsemea. Watu waliokuwa wakizomea waliacha. Mama Nabalayo alikaa alivyokaa mpaka mkanda ukaisha na kitambaa kikawa cheupe, kisha akachukua viatu akaenda zake.

Asubuhi wanawake walikuwa wanatandaza omena kwenye nyavu. Nekoye alikuwa anasuuza beseni ziwani alipoona miguu imesimama kando yake.

"Simama nikuone," mama akasema.

Akasimama. Mama alimtazama usoni, akamtazama koo, akaitazama mikono iliyobabuka kwa sabuni. Alikuwa mzee zaidi kwenye mwanga, na nywele zake zilikuwa zimesimama kichaka.

"Ulijuaje habari za ng'ombe?"

"Wewe ndiye uliniambia, mama."

"Ndiyo," mama akasema. "Mimi ndiye nilisema yote." Akamsogelea. "Mwanangu alikufa mimi napima omena. Sikumwambia nenda salama. Sasa sikiliza. Najua ni wewe, macho yangu yanakuona, sina wazimu. Nitolee sauti ile mara moja tu. Nimuage. Ukinifanyia hilo, nimekusamehe."

Nekoye angekataa vipi? Alitaka kumpa. Hakuna kitu alichowahi kutaka kutoa kama hicho. Akavuta pumzi, akafungua mdomo. "Mama," akasema, na ilikuwa sauti ya Nekoye. Akajaribu tena, akaishusha, akaikwaruza, akatafuta ule mluzi kifuani. Kifua kilikuwa kimya, pumzi inaingia na kutoka bila kugusa kitu. Mara ya tatu ikatoka sauti ya mtu anayeiga mtu, na vijana waliokuwa wakivuta mtumbwi wakageuka kuangalia kama kuna mchezo. Nekoye akaanza kulia. Mama bado alikuwa amemtegea sikio.

"Haipo," Nekoye akasema. "Mama, haipo tena."

Mama Nabalayo akaondoa sikio taratibu. Hakulia. Akatazama ziwa, akatazama jua. "Boti inaondoka saa nne," akasema. "Utakwenda nami. Kuna mtoto kule."

Alikwenda. Kazi ilishaondoka jana usiku, hakuna alichokuwa akikikimbilia Kisumu. Walivuka, na walipokaribia boma walikisikia kilio kabla hawajaiona nyumba, kilio kidogo kilichochoka, cha mtu aliyekwisha kukata tamaa lakini hajui kuacha. Waliaula alisimama mlangoni akawapisha. Jentrix alimleta mtoto na mama akampokea, akakaa naye kwenye kiti cha chini. Alifungua mdomo kuita na midomo ikamgomea. Akajaribu, ikagoma tena. Akageuka akamweka mtoto mikononi mwa Nekoye.

"Wewe ndiye uliyemshikilia," akasema. "Mwachilie."

Mtoto alikuwa mwepesi mno. Nekoye alimwinamia sikioni, akaita kwa sauti ambayo Mungu alimpa, nyembamba, ya mwanamke wa Kimilili: "Wabwire."

Mtoto akalia mara moja zaidi, akakatiza katikati. Akafumbua macho. Kukawa kimya ndani ya nyumba, watu wamesimama na mikono hewani, wanaogopa hata kupumua, na kimya kikadumu. Kisha Jentrix akapiga kigelegele, na majirani wakapokea uani.

Mama Nabalayo hakupiga kigelegele. Aliinuka, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wakicheza, akaizunguka nyumba hadi nyuma kwenye kaburi, akapiga magoti kwenye udongo uliolowa. Akamwita mwanawe kwa jina, na safari hii hakungoja jibu. Ukunga aliopiga ulisikika mpaka kwenye maji. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Mtu mmoja alitaka kwenda kumwinua, Waliaula akamzuia.

"Mwacheni alie," akasema. "Sasa ndiyo anazika."